Vifaranga Wapo, Ripoti Zinabaindiwa

Jiji la Mbeya lilipoishiwa majina ya mitaa liliazima. Mtu anaweza kulala Soweto, akanywa chai Ghana, akaenda kununua bati Uhindini na jioni akarudi Forest, na muda wote huo asiulizwe pasipoti na yeyote. Ya kuazima yalipokwisha zikachukuliwa herufi za wapima viwanja, tukapata Block Q na Block T. Mgeni akiuliza hiyo T ni ya nini, kila dereva wa bajaji ana jibu lake, na hakuna mawili yanayofanana.

Mtaa wangu uko umbali wa kumaliza karanga za mia mbili kutoka geti la chuo. Chuo kipi, sitasema. Jiji hili lina vya kutosha kunificha: kuna cha Sayansi na Teknolojia kule Iyunga, kuna Teofilo Kisanji cha Wamoraviani, kuna Mzumbe kampasi ya Mbeya, kuna cha Wakatoliki, na vyuo vya kati ambavyo vingine nadhani hata walimu wake huvitafuta asubuhi. Nanyamaza kwa sababu mwenye nyumba wangu husoma kila kinachochapwa, na kodi yangu ya miezi sita inaisha mwezi ujao.

Mimi ni mwanafunzi hapo chuoni. Nalisema mapema kwa kuwa huwa haliaminiki. Nina miaka 47, nimefundisha darasa la tatu huko Mufindi mpaka sauti ikakauka, na sasa nimepewa ruhusa ya masomo nichukue shahada. Siku ya kwanza nilipoingia ukumbini, wanafunzi zaidi ya mia walisimama wakaniamkia. Nikaitikia marahaba, nikapita katikati yao, nikaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa. Wakabaki wamesimama, wakitazamana.

Nimepanga chumba katika jengo ambalo mwenyewe analiita la ghorofa mbili. Ghorofa ni moja. Ya pili ipo kwa njia ya nondo, ambazo zimesimama juu ya zege kama nywele za mtu aliyeamshwa kwa maji ya baridi. Sisi wapangaji tumezifunga kamba, tunaanikia nguo, kwa hiyo ghorofa ya pili, kwa sasa, ni mashuka.

Chini kuna fremu tano, na dirisha langu liko juu yake, jambo ambalo limeniharibia alama nyingi. Bango la fremu ya kwanza linasema, kwa mpangilio huu: STESHENARI, PASIPOTI SAIZI DAKIKA 5, SODA BARIDI, VIFARANGA WAPO. Ya pili ni saluni siku sita za wiki, siku ya saba ni kanisa. Ya tatu ni duka la Mkinga. Ya nne imeandikwa DUKA LA DAWA, lakini ndani watu wanabeti. Aliyepanga zamani aliondoka na dawa akaacha bango, na waliokuja hawakuona sababu ya kulishusha. Kijana akipigiwa simu na mama yake na kuulizwa yuko wapi, anajibu kweli tupu: niko duka la dawa. Ya tano sijawahi kuiona ikifunguliwa, ila kila muhula inapata kufuli jipya.

Ukuta wa pembeni una maandishi matatu. La kwanza, NYUMBA HII HAIUZWI, linalindia urithi. La pili, USIKOJOE HAPA FAINI 50,000, halijawahi kukusanya hata senti, ingawa wateja wapo. La tatu linasema CHUMBA KIPO, na namba ya simu ambayo tarakimu yake ya mwisho imefutwa na hao hao wateja.

Nilikuwa nacheka mabango haya, mpaka nilipovitazama vyuo vyenyewe. Hicho cha Iyunga kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, kikabadilishiwa bango mara mbili, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu. Iringa, Mkwawa ilikuwa sekondari ya watu wanaovaa sare na kupigiwa kengele. Mwaka 2005 ikageuka chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Iringa wenyeji wa Kihesa bado wanakiita Tumaini, na ukimwambia bodaboda jina jipya anakuuliza, ‘Ndiyo pale Tumaini?’ Hata lile Boma la Wajerumani katikati ya mji wa Iringa lilikuwa ofisi za serikali, leo ni makumbusho. Sasa kama sekondari imelala ikaamka chuo kikuu, duka la dawa kuamka la kubeti ni dhambi gani?

Mtaa wetu hauendeshwi na halmashauri. Unaendeshwa na bumu. Bumu likitoka, fundi simu anaajiri msaidizi, saluni inafungua hadi saa nne usiku, na mama lishe anatoa maharage kwenye menyu na kuweka kuku. Bumu likikata, maharage yanarudi bila aibu. Fedha hiyo ya chakula na malazi, inayotolewa na Bodi ya Mikopo, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000 katika mwaka wa masomo 2022/2023, na wenyeji wanasema chipsi mayai za mtaani zilipata taarifa kabla ya wanafunzi.

Anayeielewa elimu hii ya bumu kuliko wote ni Mkinga. Ametoka Makete, kwao biashara inanyonywa pamoja na maziwa, na nyuma ya kaunta yake amebandika kalenda ya chuo, ile yenyewe iliyopigwa mhuri. Ratiba ya mitihani ikibadilika, lekchara wetu mmoja huja kununua muda wa maongezi na kuulizia humo humo. Daftari la madeni la Mkinga lina safu ambayo benki hazina: supu. Kijana akitaka kukopa anaulizwa muhula uliopita alikula supu ngapi. Asiye na mtihani wa kurudia anapewa mchele na mafuta. Mwenye supu moja anapewa unga. Mwenye tatu anapewa chumvi na pole. Anayenukia kudisko ananunua kwa taslimu, na hata hivyo Mkinga anaitazama noti kwenye mwanga.

Nilimwendea katikati ya mwezi, sabuni imekwisha.

‘Mwalimu, wewe hukopesheki,’ akasema, kwa heshima kabisa.

‘Mimi? Mtumishi wa umma?’

‘Ndiyo maana. Hawa watoto bumu lao nalijua linatoka lini. Mshahara wako ukitoka unapitia kwanza kwenye mikopo yako kule benki. Ukifika hapa umebaki salamu.’

Nilitaka kubishana, lakini mtu aliyesema kweli kwa sauti ya chini kiasi hicho unamjibu nini? Akanipa kipande cha sabuni, nusu mche, akaandika kwa penseli.

Mtaa uliokosa kuniweka kwenye daftari la wanafunzi ulinitafutia kazi nyingine. Mwanzo wa mwaka, wazazi wanapoleta watoto, mama mwenye khanga anayechungulia dirishani ghorofani hawezi kuwa mwingine ila mwenye nyumba. Mzee mmoja kutoka Sumbawanga alipanda ngazi na binti yake, godoro na jogoo. Kabla sijamaliza kuitikia salamu jogoo alikuwa mikononi mwangu, na mzee ameanza kuhesabu kodi juu ya kitanda changu. Nilimweleza kwamba mimi ni mwanafunzi mwenzake binti. Akacheka sana, akasema wenye nyumba wa Mbeya wana utani, akaongeza elfu kumi ya maji. Ilibidi nimpigie mwenye nyumba, aje athibitishe kuwa yeye ndiye. Alipofika, amevaa kaptula na malapa, mzee alimtazama, akanitazama mimi, na nikaona wazi kuwa ananiamini mimi. Mambo yalipotulia dalali akatokea, sijui alikuwa amejificha wapi, akanidai mimi kodi ya mwezi mmoja kwa kuwa ‘mteja ameingilia kwako.’ Jogoo alirudi kwa mwenye jengo. Nilimsikia akichinjwa.

Saluni nayo. Ijumaa moja nilishuka kusuka twende kilioni, nywele za saa mbili kwa mikono miwili. Upande wa kushoto ukaisha, na wa kulia ulikuwa bado unachanwa walipoingia vijana na kinanda na spika. Msusi ndiye mama mchungaji, na siku hiyo palikuwa na mkesha. ‘Dada, tukimaliza sifa tunaendelea,’ akaniambia, akavua aproni. Sifa zilikwisha saa kumi na moja alfajiri, na yeye sauti na vidole havikuwepo tena. Asubuhi nikapita mtaani nimejifunga khanga kichwani hadi kwenye nyusi, macho mekundu kwa kukesha. Wapangaji wenzangu wakanong’onezana. Saa sita mchana wakanibishia hodi watoto wanne wa mwaka wa pili, wamepiga magoti, na bahasha ya rambirambi. Mkinga alikuwa ametoa kilo moja ya sukari, bila kuandika kwenye daftari. Kumweleza kila mmoja kwamba aliyefariki ni upande wa kulia wa nywele zangu ilinichukua mpaka magharibi. Bahasha niliirudisha. Sukari ilikuwa imeshafunguliwa.

Lakini yote hayo ni vitafunio. Kisa chenyewe ni cha fremu ya kwanza.

Mbeya iko juu sana, mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima Loleza, na baridi yake ya Juni na Julai hutoka huko juu kila usiku kuja kutukagua. Kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi thelathini na kitu. Kijana wa steshenari, ambaye hakusomea ufugaji wala uchapaji lakini anafikiri haraka, aligundua kwamba mahali penye joto kuliko pote mtaani ni ubavuni mwa mashine ya kopi. Boksi la vifaranga likawekwa hapo. Kwa hiyo Julai, msimu wa ripoti za utafiti, tulikuwa tunapanga foleni mlangoni na kupigiwa kelele tufunge mlango, si kwa ajili yetu. Wanafunzi walipokuwa wachache na mashine inapoa, alikuwa akitoa kopi za karatasi tupu ili kuwapa watoto joto. Nilimwona. Alitoa kopi za kitu chochote. Nina nakala tatu za kiganja chake.

Ripoti yangu ilihusu utoro wa wanafunzi wa shule za msingi. Kurasa 64, imeandikwa kwa Kiingereza na mtu anayefikiri kwa Kiswahili, kazi ngumu kuliko utoro wenyewe. Siku niliyopeleka flashi, mbele yangu alikuwepo kijana anayesomea kilimo kule Uyole, dada yake amepanga nyumba ya pili. Yake ilihusu chanjo ya mdondo kwa kuku wa kienyeji. Herufi zetu zililingana, nafasi za mistari zililingana, na zote mbili zilikuwa mezani umeme ulipokatika.

Kijana wa steshenari hakuchanganyikiwa. Akawasha jiko la mkaa, akalisogeza karibu na boksi, na kwa kuwa boksi halikuwa na kifuniko alifunika vifaranga kwa kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni sisi. Umeme uliporudi karatasi zilikuwa chini, na vifaranga juu yake wakitembea kwa furaha ya wasomi. Akaziokota, akazipanga kwa namba. Kwamba kulikuwa na ukurasa wa 31 mara mbili hakukumsumbua: mmoja akaweka huku, mwingine kule, haki sawa. Akabaindi.

Nilipoichukua niliona kitu kwenye ukurasa wa shukrani, juu kidogo ya jina la msimamizi wangu.

‘Hii nini?’

‘Madam, hiyo ikikauka inafutika.’

Ilifutika kweli, pamoja na nusu ya jina. Nikaikusanya hivyo hivyo, muda ulikuwa umekwisha.

Wiki mbili baadaye nikaitwa. Msimamizi wangu ni mtu makini, mwenye miwani ya kusomea na mingine ya kukutazamia. Akafungua sura ya tatu, mbinu za utafiti, akanisomea. Natafsiri: ‘Walimu waliochaguliwa walihojiwa mmoja mmoja katika chumba cha faragha, kisha’ — hapo ndipo ukurasa wa 31 unapoanza — ‘kila mmoja aliwekewa tone moja la chanjo kwenye jicho, na zoezi hilo lilirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Waliodhoofika walitengwa na wenzao na kupewa maji safi.’

Nilikodoa macho. Yeye akanigeuzia ukurasa nione. Pembeni, kwa wino mwekundu, alikuwa ameandika: ‘Vizuri. Uliomba kibali cha Mkurugenzi?’

Nikasema nilikiomba. Kibali nilikuwa nacho kweli, cha kuhoji. Kilichotendeka kwenye macho ya walimu hatukukizungumza tena. Alinipa B ya juu.

Kipindi cha mapumziko kati ya mihula, kabla ya hayo, nilikuwa nimekwenda Iringa kumwona binti wa kaka yangu, anasoma na kupanga Kihesa. Mtaa wa pale una mambo yale yale, ila polepole. Mbeya muuzaji anakuuliza unataka nini kabla hujafika. Iringa unaanza na kamwene, unaulizwa za ulikotoka, za mvua, za mahindi, na kitu ulichofuata mnakifikia wote wawili kwa pamoja, mmechoka. Kulikuwa na kibanda chenye bango MAZIWA FRESH NA MGANDO. Ng’ombe wa kibanda hicho ni mianzi. Ilikuwa masika, wakati ulanzi unapogemwa, na chuo kiko jirani, kwa hiyo maneno makali yanapakwa maziwa. Mimi ni mtu wa Mufindi, huwezi kunificha ulanzi. Nikaagiza dumu la lita tano la mtogwa, ule mtamu wa asubuhi, nimpelekee mwenye nyumba wangu labda kodi itapungua.

Kila mnyalukolo anajua kuwa dumu la ulanzi halikazwi kifuniko. Mtogwa hautulii, unaendelea kuchacha njiani, na ukikosa pa kupumulia unajitafutia. Binti wa kaka yangu, mtoto msafi aliyekulia Dodoma, alilichukua dumu akalikaza kwa mikono yote miwili na kitambaa. ‘Isimwagike, shangazi.’ Nikaliweka kwenye keria ya basi, juu ya vichwa vya watu.

Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Mafinga lilikuwa dumu. Makambako lilikuwa limevimba. Tulipokaribia Igawa, kwenye joto la bonde, lilipasuka kwa mlio ambao dereva aliusikia akakanyaga breki, na abiria wa nyuma wakapiga yowe kuwa tairi limekwenda. Lita tano za mtogwa uliokwishageuka mkangafu, ule mkali, zikamshukia mzee aliyekaa chini yake, suti ya kahawia, kofia, bahasha kubwa mapajani. Alikuwa anakwenda Chimala kwenye mambo ya posa ya mwanawe. Nilisimama kumwomba radhi, nimeishika khanga yangu nimfute. Yeye alilamba mdomo wa juu, taratibu, akatafakari.

‘Wa wapi huu?’

‘Kihesa, baba.’

‘Mh. Basi nitafika mazungumzo yameshaanza.’

Mwenye nyumba aliletewa dumu tupu lililopasuka ubavu. Kodi haikupungua, ila alilishona kwa waya wa moto na leo ndilo ndoo ya maua pale ngazini.

Chuo kilipofungwa mtaa ukabadilika kwa siku moja. Mama lishe akaenda kwao Tukuyu. Waliokuwa wanabeti wakahamia mahali penye watu, na duka la dawa likawa, kwa muda mfupi, limefungwa kama maduka mengine ya dawa. Steshenari ikajaa magunia ya viazi kutoka milima ya Uporoto, lumbesa mpaka dari, yakisubiri malori ya Dar es Salaam, na mashine ya kopi ikawa chini huko, imefunikwa turubai. Vifaranga walikuwa wamekua, wakauzwa.

Mwenye nyumba alikuja chumbani kwangu na pendekezo. Kwa kuwa wapangaji wapya huniletea mimi kodi hata nikikataa, niwe naipokea rasmi, naye atanipunguzia yangu kwa theluthi. Na kwa kuwa wanafunzi wa jengo zima huniletea kazi zao niwarekebishie Kiingereza, jambo nilikuwa nalifanya bure kwa ualimu tu, Mkinga akashauri niweke bei. Alishauri kwa nguvu. Nilikuwa bado nadaiwa nusu mche wa sabuni. Kijana wa steshenari akapanda ngazi na kopo la rangi, na chini ya VIFARANGA WAPO akaongeza: MADAM WA KUSAHIHISHA RIPOTI YUPO JUU. Ukisoma kwa haraka, ukiunganisha mistari, inaonekana tumetotolewa pamoja.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa yule wa Uyole. Ripoti yake ilikuwa imerudishwa kwa masahihisho na hakuelewa tatizo liko wapi. Nikafungua moja kwa moja ukurasa wa 31. Kuku wa kienyeji wa kata mbili, waliogawanywa katika makundi ya majogoo na mitetea, walipoulizwa sababu za kutoroka, wengi walitaja umbali kutoka nyumbani na kukosa uji wa saa nne. Wachache walisema wanamwogopa mwalimu wa hisabati.

Msimamizi wake alikuwa amepigia mstari sentensi moja tu, akaweka alama ya kuuliza, na kuandika pembeni: ‘Uji wa unga gani?’